Nani Yumo Katika Hesabu ya Watu: Demokrasia ya Marekani na Swali Lisiloamuliwa kwa Kura

Maneno ambayo Kiswahili huyatumia kuzungumzia utawala wa umma yana asili inayostahili kuangaliwa kabla ya kuingia katika historia ya taifa jingine. Kura, kwa maana yake ya kwanza iliyotoka katika Kiarabu, ni njia ya kukata shauri kwa bahati nasibu: katika Biblia ya Kiswahili askari hupiga kura ili wagawane mavazi ya Yesu, mitume hupiga kura ili apatikane wa kushika nafasi ya Yuda, na katika kisa cha Nabii Yunus ni kura inayoamua nani atupwe baharini. Anayepiga kura ya namna hiyo huukabidhi uamuzi kwa Mungu, kwa sababu yeye mwenyewe hana neno la mwisho, au hataki kuwa nalo. Raia naye, kwa mzizi wa neno lake, ni mchungwa, yaani mtu aliye chini ya mtawala kama kondoo alivyo chini ya mchungaji. Leo maneno hayo mawili yamegeuka, kwani kura imekuwa uamuzi wa mtu mwenyewe, na raia ndiye anayemweka mchungaji na kumwondoa. Lakini mgeuko huo umeacha nyuma swali zito, nalo ni hili: ikiwa uamuzi umetoka kwa mfalme na kuwekwa mikononi mwa watu, ni nani aliyeamua nani ahesabiwe miongoni mwa watu hao?

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kura. Kabla kura haijapigwa lazima ijulikane nani ana haki ya kuipiga, na ikiitishwa kura ya kuliamua jambo hilo, itabidi kwanza ijulikane nani atashiriki katika kura hiyo ya pili, na vivyo hivyo bila kikomo. Wanafalsafa wa siasa hulieleza kuwa ni tatizo la mpaka wa umma, kwa maana kwamba umma unaweza kuamua karibu kila kitu isipokuwa mpaka wake wenyewe. Historia ya Marekani ni mahali pa kufaa sana pa kulichunguza tatizo hili, kwa sababu taifa hilo lilianza kwa kutangaza jibu lake hadharani, likaliacha jibu hilo lilipotunga sheria zake, kisha likavutana nalo kwa muda unaokaribia karne mbili na nusu.

Jibu lililotangazwa lilikuwa la kidini. Tangazo la Uhuru la Julai 1776, lililoandikwa kwa sehemu kubwa na Thomas Jefferson, lilidai kuwa watu wote wameumbwa sawa na kwamba haki zao za msingi wamepewa na Muumba, si na mfalme wala bunge. Uzito wa dai hilo unaonekana mtu anapotazama kitenzi kilichotumika. Tangazo halikusema kuwa watu wamekubaliana kuwa sawa, kwa sababu makubaliano huvunjwa na wale wale walioyafanya; lilisema wameumbwa sawa, na kwa kusema hivyo liliuweka usawa mahali pasipofikiwa na kura yoyote. Mwandishi wake alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Msomaji anaweza kuuchukua ukweli huo kuwa ushahidi wa unafiki na akaishia hapo, lakini jambo la maana zaidi ni kwamba maneno yalikuwa yamekwisha kumtoka mwenyewe, na tangu siku hiyo yakawa mali ya yeyote aliyeyasikia, pamoja na wale ambao hakuwakusudia.

Katiba iliyotungwa Philadelphia mwaka 1787 ilikuwa na sura nyingine. Ndani yake hakuna neno demokrasia, wala hakuna neno mtumwa, na kutokuwapo kwa maneno hayo mawili kuna sababu. James Madison, aliyeshiriki sana katika kuitunga, alieleza katika makala ya 10 ya mfululizo uliochapishwa katika magazeti ya New York kuwa demokrasia ni utawala wa raia wachache wanaokutana na kuamua mambo wao wenyewe, na kwamba utawala wa namna hiyo huelekea kuwaonea walio wachache. Alichokitaka yeye ni jamhuri, yaani utawala wa wawakilishi katika nchi kubwa yenye makundi mengi, ambapo si rahisi kundi moja kuyameza mengine. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, walio wachache aliowawazia zaidi katika makala hiyo walikuwa wenye mali, na mali nyingi katika jimbo lake la Virginia ilikuwa binadamu.

Kuhusu binadamu hao Katiba ilitumia maneno ya mzunguko, ikiwaita watu wengine, na ikaagiza kuwa katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi kila watano wao wahesabiwe kama watatu. Hesabu hiyo husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilikuwa kipimo cha utu wa Mtu Mweusi, kwamba alionekana kuwa sehemu tatu kati ya tano za binadamu, lakini mantiki yake ilikuwa kinyume na mbaya zaidi. Wenye watumwa ndio waliotaka wahesabiwe kikamilifu, kwa kuwa kila mtumwa aliyehesabiwa aliwaongezea wao viti bungeni na, kwa kuwa idadi ya wajumbe wanaomchagua rais hufuata idadi ya viti hivyo, akawaongezea pia nguvu katika uchaguzi wa rais. Mtumwa alihesabiwa ili bwana wake asikike zaidi. Makala ya 54 ya mfululizo ule ule ilikiri kuwa sheria ilimchukua mtumwa kuwa mtu kwa upande mmoja na mali kwa upande mwingine, jambo ambalo kwa sarufi ya Kiswahili lingemlazimu msemaji abadilishe ngeli katikati ya sentensi. Kiswahili chenyewe humweka mtumwa katika ngeli ya mtu hata anapotajwa sokoni, ingawa, kwa haki, lazima ikumbukwe kuwa sarufi hiyo haikulizuia soko la watumwa la Unguja kuendelea mpaka lilipofungwa mwaka 1873.

Palikuwa basi na maandiko mawili, moja likisema watu wameumbwa sawa na jingine likiwahesabu kwa mafungu, na kati yake demokrasia ikaanza kukua kwa namna ambayo Madison hakuitarajia. Kati ya miaka ya 1820 na 1840 majimbo mengi yaliondoa sharti la mali kwa wapiga kura weupe wa kiume, na neno demokrasia, ambalo waasisi walilitaja kwa tahadhari, likawa jina la sifa. Lakini katika jimbo baada ya jimbo mlango uliofunguliwa kwa maskini mweupe ulifungwa kwa Mtu Mweusi. New York, mwaka 1821, iliondoa sharti la mali kwa weupe na kumwekea Mweusi sharti la dola 250. New Jersey, ambako wanawake wasio na waume na Weusi wenye mali waliwahi kupiga kura chini ya katiba ya 1776, ilikuwa imekwisha kuwaondoa wote wawili mwaka 1807. Chini ya Rais Andrew Jackson, aliyesifiwa kuwa rais wa watu wa kawaida, sheria ya 1830 ilifungua njia ya kuwahamisha wenyeji asilia wa kusini-mashariki, na Wacherokee, waliokuwa wamejiandikia katiba yao wenyewe mwaka 1827, walisukumwa magharibi kwa safari iliyoua maelfu yao.

Tukio linalolionyesha tatizo hili kwa uwazi kuliko yote lilitokea Pennsylvania, nalo linastahili kuangaliwa kwa utulivu. Jimbo hilo lilianzishwa na Wakweka, dhehebu la Kikristo linaloamini kuwa kila binadamu ana nuru ya Mungu ndani yake, na mwaka 1780 lilikuwa limepitisha sheria ya kuukomesha utumwa hatua kwa hatua. Katiba yake ya 1790 ilimpa haki ya kura kila mtu huru wa kiume aliyelipa kodi, bila kutaja rangi. Mfaransa Alexis de Tocqueville, aliyeitembelea Marekani mwaka 1831 na kuanza kuchapisha kitabu chake juu ya demokrasia ya huko mwaka 1835, alimuuliza mwenyeji mmoja wa Pennsylvania kwa nini Weusi hawaonekani vituoni ilhali sheria inawaruhusu, akajibiwa kuwa wanaogopa kudhuriwa, kwa sababu sheria haina nguvu pale ambapo walio wengi hawaiungi mkono. Kutokana na mambo kama hayo Tocqueville aliendeleza wazo lake la udhalimu wa walio wengi, yaani ile hali ambapo aliyeonewa hana pa kukimbilia, maana maoni ya umma, bunge, askari na baraza la wazee wa mahakama vyote ni walio wengi hao hao wakiwa na sura mbalimbali.

Mwezi Januari 1838 mkutano wa kurekebisha katiba ya jimbo uliamua kwa kura 77 dhidi ya 45 kuingiza neno mweupe katika sifa za mpiga kura. Weusi wa Philadelphia, wakiongozwa na Robert Purvis, walichapisha rufaa kwa niaba ya raia 40,000 walio hatarini kunyang'anywa kura, nao waliielekeza kwa watu wa Pennsylvania. Anwani hiyo peke yake ina falsafa nzima ndani yake, kwa kuwa walioiandika walijiita raia, na hapo hapo wakalazimika kuwageukia watu kana kwamba wao wako nje. Walieleza kodi walizolipa na mali walizokuwa nazo, kisha wakajenga hoja ambayo haijapata jibu zuri mpaka leo: kwamba serikali ikimnyang'anya mtu mmoja kura yake, basi kwa mtu huyo imekuwa udikteta mtupu, hata kama kwa wengine wote inaendelea kuwa jamhuri. Baba mkwe wa Purvis, James Forten, alikuwa fundi wa matanga aliyeajiri weupe na Weusi katika karakana moja, na akiwa kijana mdogo alipigana baharini katika vita vya uhuru.

Mwezi Mei wa mwaka huo huo wapinzani wa utumwa walifungua jengo la mikutano mjini humo, lililoitwa Pennsylvania Hall, na siku tatu tu baadaye, usiku wa tarehe 17, umati ulilichoma. Wazima moto walifika na mipira yao. Walimwagia maji majengo ya jirani ili yasishike moto, na lile lenyewe wakaliacha liteketee mbele ya maelfu ya watazamaji. Mwezi Oktoba wapiga kura wa jimbo waliipitisha katiba mpya kwa tofauti ndogo, katiba ambayo, jambo la kutafakari sana, iliongeza idadi ya vyeo vinavyojazwa kwa uchaguzi na kupunguza madaraka ya gavana ya kuteua. Karatasi hiyo moja ilikuwa ya kidemokrasia zaidi na ya kidhalimu zaidi kuliko ile iliyoitangulia.

Je, uamuzi wa Oktoba 1838 ulikuwa wa kidemokrasia? Anayeshikilia kuwa demokrasia ni utaratibu, yaani kanuni ya kuhesabu vichwa na kufuata walio wengi, hana budi kukubali kuwa ulikuwa hivyo, kwani mkutano uliitishwa kihalali, hoja zilijadiliwa na kura zikahesabiwa. Anayekataa lazima aseme kuwa kuna kitu kilichotangulia kura, kitu ambacho kura ilikuwa chombo chake tu, na kwamba kura ilipokigeukia kitu hicho ilikuwa kama mtu anayekata tawi alilolikalia. Abraham Lincoln aliijenga hoja ya namna hiyo huko Peoria, Illinois, mwezi Oktoba 1854, akimjibu Seneta Stephen Douglas aliyetaka walowezi wa Kansas na Nebraska waamue wenyewe kwa kura kama watakuwa na utumwa. Douglas aliiita njia hiyo mamlaka ya watu. Lincoln alijibu kuwa yote yanategemea kama Mweusi ni mtu au si mtu: kama ni mtu, basi kumtawala bila ridhaa yake kwa jina la kujitawala ni kuuharibu utawala wa kujitawala wenyewe. Hoja hiyo ina nguvu kwa sababu haiipingi kura kwa kutumia kitu kigeni. Inaishtaki kura kwa msingi wake yenyewe. Lincoln mwenyewe hakuifikisha mwisho wake kwa haraka. Mwaka 1858 alikana hadharani kuwa anataka Weusi wapige kura, na ni tarehe 11 Aprili 1865 tu alipotamka mbele ya watu kuwa angependa baadhi yao, hasa askari, wapewe haki hiyo, siku tatu kabla ya kupigwa risasi na mtu aliyekuwa amesimama katika umati akimsikiliza.

Hapa dini inarudi, na haiji kwa amani. Kama usawa unasimama juu ya neno la Muumba, basi anayedai kulifahamu neno hilo anaweza kudai pia kuwa juu ya watu, na wenye watumwa walidai hivyo bila haya. Mwanatheolojia wa Kipresbiteri James Henley Thornwell wa South Carolina alitetea kwa elimu kubwa kuwa Maandiko hayaukatazi utumwa, na makanisa yalipasuka kwa suala hilo kabla ya taifa, Wamethodisti mwaka 1844 na Wabaptisti mwaka 1845. Katika hotuba ya kuapishwa kwake mara ya pili, tarehe 4 Machi 1865, Lincoln alikumbusha kuwa pande zote mbili zilisoma Biblia ile ile na kumwomba Mungu yule yule, na kwamba Mwenyezi ana makusudi yake asiyoyafunga kwa ombi la upande wowote. Wengi huisoma hotuba hiyo kama faraja, ingawa inachokisema ni kikali zaidi: kwamba Mungu hamilikiwi na mshindi, kwa hiyo hata aliyepigania haki hana ruhusa ya kusema kwa kinywa cha Mungu. Karibu miaka 80 baadaye Reinhold Niebuhr, mchungaji na mwalimu wa theolojia mjini New York, aliligeuza wazo linalofanana na hilo kuwa nadharia katika kitabu chake cha 1944. Alifundisha kuwa uwezo wa binadamu wa kutenda haki ndio unaoifanya demokrasia iwezekane, na mwelekeo wake wa kudhulumu ndio unaoifanya iwe ya lazima, maana hakuna aliye mwema kiasi cha kukabidhiwa wengine bila wao kuwa na njia ya kumzuia.

Baada ya vita Marekebisho ya 13, ya 14 na ya 15 ya Katiba, ya miaka ya 1865, 1868 na 1870, yalikomesha utumwa, yakamfanya raia kila aliyezaliwa nchini na aliye chini ya mamlaka yake, na yakakataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi. Hiram Revels, Mtu Mweusi aliyewahi kuwa mchungaji wa Kanisa la Kimethodisti la Kiafrika, aliingia Seneti mwaka 1870 kutoka Mississippi. Kwamba alikuwa mchungaji si jambo la ajabu. Kanisa hilo, ambalo mizizi yake ni usharika alioufungua Richard Allen huko Philadelphia mwaka 1794, lilikuwa mahali ambapo watu walionyimwa kila baraza walichagua viongozi wao, walitunza hesabu, waliandika kumbukumbu za vikao na kubishana kwa kanuni. Huko ndiko walikojifunza kazi ya demokrasia, na walipofunguliwa milango ya mabunge hawakuingia kama wageni.

Milango ikafungwa tena, safari hii kwa hila za kisheria. Mississippi ilijiandikia katiba mpya mwaka 1890 ambayo haikupelekwa kwa wapiga kura kabisa, ikaweka sharti la kusoma au kufafanua kifungu cha katiba mbele ya msajili, na ikadai kodi ya kichwa ya dola mbili. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua kodi ya kichwa kwa sura ya mkoloni, ambapo asiyelipa alifuatwa mpaka nyumbani na kufungwa. Ya Mississippi ilikuwa na werevu wa aina nyingine, kwani katiba yenyewe ilikataza kumshtaki mtu kwa kosa la kutoilipa: serikali haikuzitaka zile dola mbili, ilitaka zisilipwe. Louisiana, mwaka 1898, iliwasamehe masharti wale ambao wao, baba zao au babu zao walikuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1867, siku ambayo Weusi wa huko walikuwa hawajaipata. Wapiga kura Weusi walioandikishwa katika jimbo hilo walikuwa zaidi ya 130,000 mwaka 1896. Mwaka 1904 walikuwa takriban 1,300.

Katika giza hilo msomi Mweusi W.E.B. Du Bois aliandika hoja ambayo pengine ndiyo yenye kina kuliko zote juu ya maana ya demokrasia katika fikra za Kimarekani, ndani ya kitabu chake Darkwater cha mwaka 1920, mwaka ule ule ambao Marekebisho ya 19 yaliwapa wanawake kura kwa nchi nzima. Kwa kawaida kura hutetewa kuwa ni haki ya mtu, kama vile mali yake. Du Bois aliitetea kuwa ni elimu. Kila mtu, alisema kwa ufupi, anajua jambo moja ambalo hakuna mwingine anayelijua, yaani maumivu na mahitaji ya nafsi yake. Mwenye busara kuliko wote hawezi kulijua kwa niaba yake, na taifa linalomnyamazisha mwanamke au Mweusi linajinyima ujuzi ambao halina pengine pa kuupata. Hoja hii inalitatua kwa kiasi lile tatizo la theolojia lililoachwa wazi na Lincoln. Kama hakuna mwenye kinywa cha Mungu, usawa utajulikanaje pale unapovunjwa? Utajulikana kwa yule unayemuumiza. Mwandishi wa habari Walter Lippmann, katika vitabu vyake vya 1922 na 1925, alidai kuwa umma haujui mambo ya kutosha kutawala, naye mwanafalsafa John Dewey akamjibu mwaka 1927 kuwa mvaa kiatu ndiye anayejua kinambana wapi, hata kama fundi ndiye anayejua kukirekebisha. Lakini Du Bois alikuwa amekwisha kulisema hilo kwa uzito zaidi, kwa sababu yeye alisema kama mmoja wa waliobanwa.

Katika mwaka wa 1960 swali hili lilifika Afrika Mashariki kwa njia ya mtu mmoja. Thurgood Marshall, mwanasheria aliyeshinda kesi ya Brown mwaka 1954 iliyobatilisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma, alialikwa kupitia Tom Mboya kuwashauri wajumbe Waafrika katika mkutano wa katiba ya Kenya uliofanyika Lancaster House, London. Alipofika Kenya alizuiwa kuhutubia mkutano mmoja, akaomba, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, aruhusiwe kutamka neno moja tu, na neno hilo lilikuwa uhuru. Kazi aliyopewa London iligeuza nafasi aliyoizoea, kwa kuwa kwao alikuwa mtetezi wa wachache dhidi ya walio wengi, na sasa alikuwa upande wa walio wengi waliokaribia kutawala. Hata hivyo rasimu yake ya haki za binadamu iliweka ulinzi kwa wachache wa Kenya, pamoja na mali za walowezi weupe. Wapo watakaouona ulinzi huo kuwa uliigharimu Kenya katika suala la ardhi, na hoja yao haiwezi kupuuzwa, kwani ardhi iliyochukuliwa kwa nguvu si sawa na mali iliyopatikana kwa haki. Lakini kwa Marshall kanuni isingekuwa kanuni kama ingewalinda wale tu aliowapenda. Safari ya mawazo ilikuwa ya pande zote mbili: tarehe 28 Agosti 1963, mbele ya umati mkubwa mjini Washington, John Lewis, kijana wa miaka 23 aliyeiongoza kamati ya wanafunzi wapigania haki, alilitaja dai la mtu mmoja kura moja kuwa ni kilio cha Afrika, akasema ndicho kilio chao pia.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 31 Agosti 1962, Fannie Lou Hamer, mwanamke wa miaka 44 aliyezaliwa wa 20 katika familia ya wakulima wa kugawana mavuno na mwenye shamba, alipanda basi pamoja na wenzake 17 kutoka Ruleville, Mississippi, kwenda kujiandikisha Indianola. Habari kwamba Mweusi ana haki ya kujiandikisha alikuwa ameipata siku chache tu kabla, katika mkutano uliofanyika kanisani. Mbele ya meza msajili alimfungulia katiba ya jimbo, akamwagiza anakili kifungu kinachohusu sheria za hali halisi, yaani mambo yanayotendeka kama sheria ingawa hayana msingi wa kisheria, kisha aeleze maana yake. Hakuweza, na hakuna aliyetarajiwa kuweza. Hata hivyo jibu la swali lile lilikuwa limesimama mbele ya aliyeuliza, kwa sababu maisha yote ya Mweusi wa Mississippi, aliyepewa kura na Marekebisho ya 15 na kunyimwa na kila ofisi, yalikuwa sheria ya hali halisi. Wakati wa kurudi polisi walilisimamisha basi na kumtoza dereva faini kwa kosa la kuendesha basi lenye rangi isiyofaa. Abiria waliogopa, na Hamer akaanza kuimba nyimbo za kanisani mpaka wakatulia. Jioni hiyo mwenye shamba alimtaka aondoe ombi lake la kujiandikisha au aondoke, baada ya miaka 18 ya kazi. Akaondoka usiku huo. Alifaulu mtihani aliporudi tena, lakini mwaka 1963 alipokwenda kupiga kura aliambiwa hana risiti za kodi ya kichwa za miaka miwili.

Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya tarehe 6 Agosti 1965 iliifuta mitihani ya namna hiyo katika majimbo yaliyohusika na kuyalazimu yaombe idhini ya serikali kuu kabla ya kubadili kanuni za uchaguzi; mwaka 2013, katika shauri la Shelby County, Mahakama ya Juu ilikibatilisha kifungu kilichoamua ni majimbo yapi yanapaswa kuomba idhini hiyo, na mpaka wa umma ukarudi kubishaniwa jimbo kwa jimbo, kwa vitambulisho, ramani za majimbo ya uchaguzi na saa za vituo.

Lakini sehemu ya swali hili ambayo sheria haiwezi kuimaliza ilionekana mwezi Agosti 1964, Atlantic City, wakati Hamer na wenzake walipokwenda kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic wakiwa na chama walichokiunda wenyewe, kilicho wazi kwa rangi zote, kudai viti vya Mississippi vilivyoshikwa na wajumbe waliochaguliwa na weupe peke yao. Wakuu wa chama waliwapa viti viwili. Walitaja pia majina ya watu wawili ambao wangevikalia, mmoja Mweusi na mmoja mweupe, wote wapigania haki walioheshimika, na viongozi kadhaa mashuhuri wa harakati waliwasihi wakubali kwa kuwa ni hatua mbele. Wajumbe wa Mississippi, wengi wao wakulima na wafanyakazi wa majumbani, walijadili na kukataa. Hawakuwa na neno dhidi ya wale wawili; walikuwa wamewapigia kura wao wenyewe katika uongozi wa ujumbe wao au wa harakati yao. Walichokikataa ni kwamba majina yaliandikwa katika chumba ambacho wao hawakuwamo.